CML: kwa nini kidonge hakirukwi hata ukijisikia mzima

Shikamoo daktari. Kaka yangu ana CML, ile saratani ya damu. Anameza imatinibu miligramu 400 kila siku. Baada ya miezi miwili chembe nyeupe zimerudi kawaida na wengu umenywea, sasa anataka kupumzika dawa. Tuliambiwa dawa hii inazuia "kinasi". Ni kitu gani, na je, anaweza kupumzika? — Msomaji, Morogoro

Marahaba. Asipumzike hata kidogo, na sababu iko kwenye hicho kinasi chenyewe.

Kinasi ni vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, vinavyochomoa fosfati kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuibandika kwenye protini nyingine. Protini ikishabandikwa hubadilika umbo, na kazi yake huwaka au kuzimika. Binadamu ana jeni za kinasi zaidi ya 500. Karibu 90 ni za ukoo wa tairosini kinasi, ambao hubandika fosfati kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Ukoo huu ndio unaoipa seli amri nyingi za kukua na kugawanyika, kwa hiyo ukiharibika, saratani haiko mbali.

Mmoja wao ni ABL, ambaye jeni yake iko kwenye kromosomu ya 9. Kwa kawaida hujikunja na kujifunga mwenyewe mpaka aitwe kazini. Katika CML, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande ndani ya seli moja ya uboho, na ABL huungana na jeni ya BCR. Protini inayozaliwa, BCR-ABL, imepoteza sehemu iliyokuwa ikiifunga. Isitoshe, upande wa BCR huzivuta protini hizi zishikamane na kubandikana fosfati zenyewe kwa zenyewe. Amri ya kugawanyika haikomi. Kromosomu ya 22 iliyofupika iligunduliwa mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford mjini Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kuwa ni vipande vilivyobadilishana mahali. Hitilafu hii hairithiwi, kwa hiyo watoto wa kaka yako wasiishi kwa hofu.

Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2001, huingia kwenye kijishimo cha BCR-ABL ambamo ATP ingekaa. Ni kama kiti cha daladala: aliyeketi akishuka tu, aliyekuwa amesimama anakaa. Dawa haiondoi jeni mbovu, inakalia kiti tu. Kiasi chake kwenye damu hupungua kwa nusu katika saa kama 18, ndiyo maana humezwa kila siku. Akisahau dozi moja aendelee na ya kesho, asimeze mbili pamoja.

Hesabu ya damu kuwa nzuri ni habari njema, lakini seli nyingi zenye BCR-ABL bado zipo bila kuonekana kwa darubini. Kinachozipima ni PCR, kipimo cha damu kinachohesabu nakala za jeni ya BCR-ABL. Kwa kipimo cha kimataifa, BCR-ABL inatakiwa isizidi asilimia 10 mwezi wa 3, asilimia 1 mwezi wa 6, na asilimia 0.1 mwezi wa 12. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa, kufikia miaka sita, waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi walikuwa na uwezekano wa asilimia 94 hivi wa kushuka hadi hicho kiwango cha mwisho. Waliomeza asilimia 90 au chini, asilimia 28 tu. Vidonge vitatu vikirukwa kwa mwezi vinatosha kukuweka kwenye kundi la pili.

PCR ikikataa kushuka, swali la kwanza ni kama vidonge vinamezwa kweli, la pili ni dawa nyingine anazotumia. Baada ya hapo hutafutwa mabadiliko kwenye kinasi. Baya zaidi ni T315I, linaloziba njia ya imatinibu na ya dawa za aina yake, dasatinibu na nilotinibu; hapo huhitajika ponatinibu, au asiminibu, ambayo hukaa mahali pengine kabisa kwenye protini.

Assalaam alaikum daktari. Natumia imatinibu, nachefukwa sana na asubuhi macho yanavimba. Wiki hii nimeanzishiwa dawa za kifua kikuu. Zinapatana? — Mgonjwa, Mombasa

Waalaikum salaam. La kifua kikuu ndilo la haraka. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini liivunje imatinibu upesi mno, hata kiasi chake kwenye damu hushuka kwa karibu robo tatu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Nenda kliniki zote mbili na vidonge vyako mkononi. Daktari anaweza kupandisha imatinibu kwa angalau nusu ya dozi na kufuatilia kwa karibu, au kubadilisha rifampisini. Fenitoini na kabamazepini za kifafa nazo huishusha. Balungi, kinyume chake, huipandisha, liache.

Kichefuchefu hupungua ukimeza katikati ya mlo mkubwa, kwa glasi kubwa ya maji. Kidonge kikikushinda, kikoroge: cha miligramu 400 kwenye mililita 200 za maji, unywe papo hapo. Macho kuvimba asubuhi ni kawaida kwa dawa hii. Jipime uzito kila wiki. Uzito ukipanda ghafla au pumzi ikibana, wahi hospitali. Na usikose kupima damu: neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikishuka chini ya 1.0 au chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 50, zote kwa bilioni katika lita, daktari husimamisha dawa kwa muda mpaka zifike 1.5 na 75.

Daktari, nina miaka 29, natumia imatinibu na nataka kupata mtoto. — Mama, Dodoma

Inawezekana, dada, ila kwa mpango. Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki za mwanzo, kwa hiyo endelea na uzazi wa mpango hadi PCR yako ionyeshe BCR-ABL imeshuka sana na kutulia kwa miaka, kisha daktari aisimamishe na kukupima mara kwa mara. Ugonjwa ukirudi ukiwa mjamzito, interferoni, dawa nyingine ya CML, hutumika. Ukirudia imatinibu baada ya kujifungua, usinyonyeshe. Kama umepata mimba tayari bila kupanga, usisubiri miadi ijayo. Nenda kliniki leo.