Ugoko unauma tangu uanze mchakamchaka? Usikaze

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesema umejiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwenu, mnakimbia lami kila Jumapili na baadhi ya jioni, na sasa ugoko unawaka moto upande wa ndani, kuanzia katikati mpaka karibu na kifundo. Wenzako wanakwambia kaza, utazoea.

Usikaze. Pumzi huzoea haraka kuliko mfupa. Wiki chache tu moyo na mapafu yameshakubali, unajiona unaweza kufika Bububu, nje ya mji wa Unguja, kumbe mfupa wa ugoko na misuli inayoushika bado vinajijenga. Mfupa ukipata mshindo hujitengeneza upya uwe imara zaidi, lakini kazi hiyo huifanya siku unazopumzika. Ukiupiga kila siku hauipati nafasi.

Na mimi niliingilia mlango huo huo: baada ya alfajiri, mwenye filimbi mbele, nyimbo juu, miguu yote inashuka pamoja, pa, pa, pa. Raha yake siikatai. Lakini usikilize huo mlio vizuri. Hakuna anayekanyaga kwa nguvu vile akiwa peke yake. Wimbo ndio unaokupangia kasi, na ukiona unaachwa unarefusha hatua, kisigino kinatua mbele kabisa ya mwili, mshindo wote unapanda kwenye ugoko. Kwa maoni yangu mtu mgeni asikimbie na kikundi miezi miwili ya mwanzo. Ahudhurie yale mazoezi ya viungo pale uwanjani, wakianza kutoka barabarani yeye abaki.

Mimi niliacha kukimbia mpaka nikawa naubonyeza ugoko sisikii kitu. Nikitembea tu. Jioni barafu ya mfuko, imefungwa kwenye kipande cha kanga, robo saa. Mafuta ya karafuu niliyoletewa kutoka Pemba yanatia ganzi kweli, lakini ganzi si dawa: maumivu yakizimwa utakimbia tena kesho, na hapo ndipo unapoharibu. Tena usiyapake bila kuyachanganya na mafuta ya nazi, yanababua ngozi. Anayetaka kukuchua akuchue shavu la mguu, mfupa auache.

Kurudi, nilirudi uwanja wa Maisara, kwenye majani, siku moja nakimbia, ya pili napumzika. Unakimbia dakika moja, unatembea mbili, kwa nusu saa. Wiki ikipita bila maumivu unaongeza kidogo kwenye kukimbia, unapunguza kutembea. Kasi niliipima kwa salamu: ukipita wazee barazani ukaweza kuitoa yote mpaka “wabarakatuh” bila kukatika pumzi, basi hiyo ndiyo kasi yako. Ukiishia “salaam” tu, punguza. Hatua ziwe fupi na nyingi.

Nyumbani simama kwenye ukingo wa kidato cha ngazi, visigino vikiwa nje, panda kwa vidole, shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Mara kumi na tano, pumzika, rudia mara mbili zaidi. Shavu la mguu likiwa na nguvu, ugoko unapumua.

Wapo watakaokwambia nenda ufukweni, mchanga ni laini. Ule mkavu wa juu ni laini mno, kisigino kinazama na mshipa wa nyuma ya kifundo unavutika. Unaofaa ni ule mbichi, mgumu, maji yakiwa yametoka. Sasa angalia mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa Unguja hukauka kiasi cha saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, na alfajiri yamejaa mpaka juu. Tena pwani ikiwa na mteremko mguu mmoja unakuwa chini safari nzima, kwa hiyo nenda na urudi njia ile ile.

Raba za mtumba za soko la Darajani hazina ubaya, ila zichague kwa mkono. Iweke sawasawa juu ya meza uitazame kwa nyuma: ikiinama upande, mwenyewe wa kwanza ameshaimaliza. Kisha bonyeza kwa kidole gumba ule mpira wa kati, kati ya soli na kitambaa. Ukiwa mgumu kama ubao, au una mikunjo mingi ya kulala, iache hata kama juu inang’aa. Raba ya kukimbilia huchoka kwa ndani baada ya kilomita 500 hadi 800, na soli ya chini inaweza kuwa bado nzima.

Ila kama maumivu yamejikusanya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanakuamsha usiku, au huwezi kuruka kwa mguu huo, hayo si ya barafu. Nenda hospitali, mwambie daktari kwamba unakimbia, kwa sababu ufa mdogo wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei ya mwanzo.

Uliuliza pia kuhusu Ramadhani. Wengine hukimbia kabla ya futari, wengine baada ya tarawehe. Mimi nachagua baada ya tarawehe, nimeshakunywa maji na tumbo limetulia. Mwezi huo siongezi chochote, nashikilia pale pale nilipofika Shaabani.