Hospitali moja, nchi mbili

SWALI: Mbali na biashara, eneo la mpakani linanufaikaje na ushirikiano na nchi jirani?

JIBU: Linapata huduma ambazo peke yake lisingezimudu. Bonde la Cerdanya, katika milima ya Pyrenees, limekatwa na mpaka wa Hispania na Ufaransa, na kila upande wakazi ni wachache mno kujaza wodi. Hospitali ya pamoja ilifunguliwa Puigcerdà, upande wa Hispania, mwaka 2014. Catalonia, jimbo la Hispania ulipo mji huo, inachangia asilimia 60 ya gharama, Ufaransa 40. Kujenga ndiyo kazi nyepesi. Kilichokwamisha ni makaratasi: hospitali ilipofunguliwa, mtoto wa wazazi Wafaransa akizaliwa pale alihesabiwa amezaliwa ng'ambo, na maiti haikuvushwa mpaka bila vibali. Mikataba ya bima, utambuzi wa vyeti vya taaluma vya madaktari na usajili wa vizazi isainiwe kabla msingi haujachimbwa.