Siku mbili Berlin: panda treni ya U6

Swali la wiki hii linauliza: ukipata siku mbili tu katika mji mkuu mmojawapo wa Ulaya, utatazama nini? Mimi nasema Berlin. Na ukifika huko, achana na orodha ndefu za vivutio. Panda treni ya chini ya ardhi ya laini ya U6, ushuke vituo vitatu.

Anza na Naturkundemuseum, kituo chenye jina la makumbusho ya elimu ya viumbe. Makumbusho yenyewe yako hatua chache kutoka kituoni, mtaa wa Invalidenstraße, na ukiingia tu ukumbi mkuu unakutana na mjusi wa Tendaguru, yaani kiunzi cha dinosaria kilichochimbwa Tendaguru, Lindi. Sisi wa Lindi tumemsikia tangu utotoni, lakini kusikia si kuona. Amesimama mita 13.27, kama jengo la ghorofa nne, na ndiye anayeshika rekodi ya kiunzi kirefu zaidi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani. Aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita.

Tafadhali usipige picha mbili ukaondoka. Mifupa hii ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, Vita vya Majimaji vikiwa vimekwisha juzijuzi na watu wa kusini wakiwa wametoka kwenye njaa mbaya iliyofuata. Wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza msafara, lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Chini yake walifanya kazi mamia ya watu. Wapagazi wakaibeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini, mpaka bandari ya Lindi. Mzigo wote uliosafirishwa Ujerumani ulizidi tani 200! Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti, na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Mzazi wa Kitanzania anayefika pale na wanawe awatajie jina la Boheti kabla ya jina la mjusi. Suala la kumrudisha nyumbani limefika hadi bungeni Dodoma, na naamini aliyewahi kusimama chini ya shingo ile atalijadili kwa uzito zaidi.

Kituo cha Naturkundemuseum kina historia yake pia. Ukuta wa Berlin ulipojengwa 1961, treni za U6 zilitoka Berlin Magharibi zikapita chini ya Berlin Mashariki bila kusimama hapo, na vituo vikabaki gizani vikilindwa na askari; ukuta ulianguka mwishoni mwa 1989, na kituo hiki kikafunguliwa tena Julai 1990. Ukitaka kuona mabaki ya ukuta, fuata Invalidenstraße kwa miguu hadi Nordbahnhof. Kumbukumbu ya Bernauer Straße iko jirani.

Kituo cha pili ni Unter den Linden. Watu wote wanakimbilia Lango la Brandenburg, la 1791, nawe litazame, ni zuri. Kisha ingia mtaa wa Wilhelmstraße ushuke hadi ilipokuwa namba 77. Jengo halipo tena, kuna bango tu. Hapo ndipo wajumbe wa mataifa 14 walipokutana kwa Bismarck, Kansela wa Ujerumani, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 kujadili Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Shuleni wengi tuliambiwa kwamba mipaka yote ilichorwa pale. La hasha, walichokubaliana hasa ni kanuni, na mipaka mingi ikaja katika mikataba ya baadaye. Lakini siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari alitia saini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami.

Jina hilo la Peters ndilo linalonipeleka kituo cha tatu, Afrikanische Straße, upande wa Wedding. Hiki ni kitongoji cha makazi ya kawaida, watalii hawafiki. Mitaa yake inaitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Mmojawapo ulipewa jina la Peters mwaka 1939. Wanaharakati, wakiwemo Watanzania wanaoishi Berlin, walipigania kwa miaka mingi ubadilishwe, na Agosti 2024 kipande kimoja kikawa Maji-Maji-Allee, kingine kikapewa jina la Anna Mungunda, mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959. Nenda ukakisome kibao kile. Babu zetu walionyongwa Songea wana mtaa katika mji ulioamuru vita ile.

Makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo ukifika Jumapili jioni anza na Wilhelmstraße na Wedding, mjusi umwachie Jumanne. Tiketi ya saa 24 ya kanda AB inatosha vituo vyote vitatu, ila igonge muhuri kabla ya kupanda, maana wakaguzi huvaa nguo za kiraia.