Muulize Shangazi wa Waya: Maktaba yenye #if 43

*Shikamoo Shangazi. Nina maktaba ndogo (mkusanyo wa msimbo) ya kuendeshea modemu ya LTE kutoka kwenye chipu ya ESP32. Niliiandika enzi za ESP-IDF 4.1 (ESP-IDF ndiyo fremuweki ya kuandikia programu za chipu hiyo), na kwenye faili la idf_component.yml, linalotaja matoleo yanayokubalika, nikaweka idf: ">=4.1". Mstari huo sijaugusa tena. Tangu 5.0 itoke watu wananilalamikia kwamba haikompailiki (haigeuki kuwa programu), nami kila lalamiko nimelitibu kwa #if ya toleo, yaani sharti la kuchagua msimbo kulingana na toleo la fremuweki. Sasa zimefika 43 ndani ya faili moja. Juzi mmoja ameniomba nithibitishe 5.5, na mwingine ananisihi nisiiache 4.x kwa sababu vifaa vyake vimeshafungwa na vinafanya kazi. Nimridhishe nani? — Mwenye #if 43*

Marahaba, mwanangu. Faili ulilonitumia nimelisoma lote, na nikiri kwamba kuanzia #if ya thelathini nilikuwa nasoma kwa ubishi tu.

Tuanze na mstari wa ">=4.1", maana ndiko ugonjwa ulikoanzia. Unamwahidi mgeni kwamba maktaba yako inakubali toleo lolote kuanzia 4.1 hadi yale ambayo hayajazaliwa. Mara ya mwisho kuikompaili kwa 4.1 ilikuwa lini? Mimi nimejaribu, na imegoma kwenye mipangilio ya UART, njia ya waya ambayo chipu na modemu huongea: umeandika UART_SCLK_DEFAULT, jina ambalo matoleo ya 4 hayalijui. Una #if 43, na palipohitaji moja kwa dhati hukuiweka.

Maana yake, yule anayekusihi usimwache umeshamwacha zamani. Hajajua kwa sababu bado anatumia toleo la nyuma la maktaba yako, na hana mpango wa kusasisha. Vifaa vyake vinaendelea kufanya kazi na faili lake la dependencies.lock limeshika toleo lile lile. Ukiandika leo ">=5.1", hakuna kitakachomharibikia. Meneja wa komponenti huangalia toleo la ESP-IDF lililopo kwenye mashine ya mtu, kisha humpa toleo jipya zaidi la maktaba linalokubaliana nalo. Mwenye 4.4 atapewa la zamani, mwenye 5.5 atapewa jipya. Hulazimiki kuchagua wa kumridhisha, ila ahadi yako iwe ya kweli.

Kuhusu pa kukata, usikate kwa hisia, fuata kalenda ya fremuweki yenyewe. Kila toleo la ESP-IDF huhudumiwa miezi 30 tangu litoke: 12 ya mwanzo kwa huduma kamili, 18 inayofuata kwa marekebisho ya mambo mazito. 4.4 ilitoka Januari 2022, ikafikia ukomo Julai 2024. 5.0 ilitoka Desemba 2022, muda wake ukaisha katikati ya 2025. Kama waliolitengeneza toleo wameacha kuziba matundu yake ya usalama, wewe mtu mmoja unayefanya kazi hii usiku unalibeba la nini? Mimi maktaba zangu naziachia miezi michache ya hisani baada ya ukomo, basi. Wapo wanaoniita mkali.

Sasa hizo 43. Nimezihesabu kwa aina, na nyingi ni za kutibu jeraha lile lile. Chukua hii:

#if ESP_IDF_VERSION >= ESP_IDF_VERSION_VAL(5, 0, 0)
ESP_LOGI(TAG, "baiti: %lu", n);
#else
ESP_LOGI(TAG, "baiti: %u", n);
#endif

Ulifanya hivyo kwa sababu tangu 5.0, kwenye chipu za Xtensa kama ESP32 yako, uint32_t (aina ya namba) iliacha kuwa unsigned int ikawa unsigned long. Kompaila ikaanza kukataa %u yako, na ESP-IDF huhesabu onyo hilo kuwa kosa. Umezirudia laini hizo mara 19! Lakini C ina dawa yake siku nyingi: weka #include <inttypes.h>, kisha uandike "baiti: %" PRIu32. Inakubalika kwenye la zamani na kwenye jipya, bila sharti lolote. Hapo 19 zimeondoka kwa mkupuo.

Majina ya portTICK, ya urefu wa tiki moja (pigo la saa ya mfumo), nayo ni hivyo hivyo. Umeweka portTICK_RATE_MS kwa la zamani na portTICK_PERIOD_MS kwa jipya, wakati hilo la pili lilikuwepo pande zote mbili tangu mwanzo. Nimeona pia kwamba kwenye maelezo yako unamwambia mtumiaji awashe chaguo la FreeRTOS (mfumo mdogo unaoendesha kazi ndani ya chipu) la kurudisha majina ya kale. Liondoe leo. Maktaba ni mgeni kwenye mradi wa mtu, na mgeni hapangi fanicha za mwenyeji.

Kanuni yangu: kabla ya kuandika #if ya toleo, tafuta namna moja ya kuandika ambayo ni sahihi kote. Zitakazobaki baada ya hapo, na kwako nadhani ni nne au tano, zihamishie kwenye faili moja la kichwa. Siku ya kukata toleo jingine utafungua faili hilo moja tu, hutazunguka msimbo mzima na tochi.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Umeandika "nithibitishe 5.5", nami nahofia kwamba kwako kuthibitisha ni kukompaili ukaona kijani. Ngoja nikusimulie yaliyonipata.

Tulihama kutoka toleo kubwa moja kwenda jingine. Kila mfano ukapita, kifaa cha mezani kikapata intaneti ndani ya sekunde chache, tukashikana mikono. Asubuhi yake kifaa kile kile kilikuwa bubu. Chipu ilikuwa imejiwasha upya usiku, ikawa inatuma AT, AT, AT (amri ya kuiamsha modemu), na modemu haijibu neno. Nilibadilisha waya, nikabadilisha antena, nikailaumu fremuweki mpya kwa sauti. Siku ya pili ndipo nikaweka kichunguzi cha mawimbi kwenye laini ya TX, ile ya kutuma, na kupima muda kwa macho yangu.

Modemu ina umeme wake. Chipu ikizimika ghafla, modemu inabaki pale pale kwenye hali ya data ya PPP (itifaki ya kubeba intaneti juu ya waya huo), ikiamini kwamba kila herufi inayofika ni mzigo wa kupeleka mtandaoni. AT yako inamezwa kama mzigo. Kuitoa huko unatuma alama tatu za +++, lakini sharti kuwe na ukimya kabla na baada yake, kwa kawaida sekunde moja kila upande. Ni desturi iliyotokana na modemu za Hayes za miaka ya 1980, na bado inatutawala. Ukimya huo mimi niliuandika vTaskDelay(100), yaani subiri tiki 100. Kwa mpangilio wa kawaida wa ESP-IDF, tiki ni 100 kwa sekunde, kwa hiyo tiki 100 ni sekunde moja kamili. Wakati wa kuhama tulianza faili la mipangilio upya, na mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akaweka tiki 1000 kwa sekunde. Sekunde yangu ikawa sehemu moja ya kumi. Modemu ikaona +++ katikati ya kelele, ikazipeleka mtandaoni pamoja na mengine.

Fremuweki niliyoilaumu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, na kuhama kulilifichua tu. Dawa ni pdMS_TO_TICKS(1000), inayogeuza milisekunde kuwa tiki, herufi chache. Wewe unazo vTaskDelay za namba tupu sehemu tatu, nimekuwekea alama.

Kwa hiyo kila toleo utakaloliandika kwamba linatumika, lipitishe kwenye majaribio ya modemu halisi. Yangu ni haya: kuunganisha, kurudi kwenye amri na kuingia tena kwenye data, kung'oa antena dakika tano na kuirudisha, na lile lililoniaibisha, kukata umeme wa chipu pekee huku modemu ikiwa katikati ya PPP. Kukompaili kuachie mashine. Kuna taswira za Docker (mazingira ya kujengea yaliyofungashwa tayari) za espressif/idf kwa kila tawi la toleo, basi panga zijijenge kila unapobadilisha msimbo: la chini kabisa unaloliahidi, yote ya katikati, na tawi la maendeleo. Hilo la mwisho liruhusu lishindwe bila kuzuia kazi. Lipo likupe habari mapema, si vinginevyo.

Utashawishika kuweka dari pia, kwa mfano ">=5.1,<5.6". Fikiri kwanza. Matoleo yako ya zamani yana ">=4.1" isiyo na dari. Mtu akija na toleo lililo juu ya dari hiyo, meneja wa komponenti ataona toleo lako jipya limekatazwa, atarudi nyuma akitafuta linalokubali, na atampa mtu kile kikongwe chako chenye ahadi ya uongo, tena bila kelele. Dari naiweka pale tu ninapojua kwa hakika kitu kitakachovunjika.

Na ukikata 4.x, pandisha namba ya kwanza ya toleo la maktaba, na kwenye orodha ya mabadiliko useme wazi toleo la mwisho linalofaa kwa wenye 4.x ni lipi. Yule bwana anayekusihi mpe namba hiyo. Nadhani ndicho kitu pekee alichokuwa anakihitaji.

*Shangazi, baada ya kusasisha fremuweki, AT+CSQ (amri ya kuuliza nguvu ya mawimbi) inanijibu 99,99 kila nikiwasha kifaa. Kabla ya hapo nilikuwa napata 17 au 18. Je, toleo jipya limeharibu UART? — Antena Fupi*

UART ingekuwa imeharibika usingepata hata hiyo 99, mwanangu. 99 maana yake modemu haijajua nguvu ya mawimbi, mara nyingi kwa sababu bado inatafuta mtandao. Linganisha muda kati ya kuwasha na swali lako la kwanza, wa zamani na wa sasa. Dau langu ni kwamba sasa unauliza mapema zaidi. Subiri AT+CEREG?, inayouliza kama modemu imesajiliwa mtandaoni, ikujibu 1 au 5, ndipo uulize. Kipimo chenyewe huenda 0 hadi 31 kwa hatua za dBm 2 kuanzia -113, kwa hiyo 17 yako ni -79, na hapo huna cha kulalamikia. Kwenye LTE mimi hupenda AT+CESQ, kwa sababu inatoa RSRP na RSRQ, yaani nguvu na ubora wa mawimbi ya LTE. Ila usije ukasoma 255 yake ukadhani ni mawimbi makali mno: kwenye namba ya mwisho, 255 ndiyo 99 ya huko.

*Naweza kuandika kwamba maktaba yangu inakubali tawi la maendeleo la fremuweki? — Mwenye Haraka*

Hapana. Andika kwamba huwa unalijaribu, na tarehe ya mara ya mwisho.