Insulini bila sindano kwa kisukari aina ya pili
Je, insulini inayotolewa kwa kifaa kisicho na sindano inamsaidia mwenye kisukari aina ya pili? Inasaidia, hasa kwa sukari inayopanda baada ya kula. Kifaa husukuma insulini kwa presha kubwa kupitia kitundu kidogo sana. Ikishapenya ngozi husambaa kama mnyunyizo badala ya kukaa donge moja, hivyo huingia kwenye damu mapema kuliko ya sindano. Lakini hapo ndipo pa kuwa makini: ukijipa kwa kifaa hicho insulini ya haraka (inayofanya kazi upesi, ya wakati wa kula) halafu ukachelewa kula, sukari itashuka upesi. Usihamie kifaa hicho kabla daktari hajapitia dozi yako, na mwanzoni pima sukari mara nyingi zaidi. Maumivu nayo hayaondoki yote. Kifaa kisipobanwa wima vizuri, ngozi huvilia damu na sehemu ya dawa hubaki juu ya ngozi.