Kabla hujahamisha gemu, tafuta kwanza sevu zako

Mdogo wangu alikuwa amecheza misimu minne na timu moja kwenye gemu la mpira la kompyuta. Aliichukua daraja la chini akaipandisha mpaka juu, na mimi nikaifuta mchana mmoja hapo nyumbani, Majengo, Moshi. Nilikuwa nimetoka Arusha na SSD mpya, yaani diski ya kasi ya kuhifadhia faili. Nikaifunga kwenye laptopu, nikaweka Windows upya, nikanakili folda ya gemu kutoka diski ya zamani, nikaona gemu linafunguka, basi nikafomati ile ya zamani. Alipokaa kucheza, timu haikuwepo.

Gemu na sevu zake mara nyingi hazikai pamoja. Sevu, yaani zile faili zinazokumbuka umefika wapi, kwenye Windows huwa ndani ya Documents, hasa folda iitwayo My Games, au ndani ya AppData chini ya jina lako la mtumiaji. AppData imefichwa, kwa hiyo ruhusu kwanza folda zilizofichwa zionekane. Steam, programu ya kununulia na kuchezea magemu, huweka sevu za baadhi ya magemu mtandaoni, lakini si yote. Nakili folda hizo kwenye flashi kabla hujagusa kitu kingine. Kwa kawaida ni ndogo sana ukilinganisha na gemu lenyewe.

Baada ya hapo, usikubali kulipakua gemu upya kama bado unalo. Gemu la GB 90, kwa intaneti inayoshusha MB 1 kwa sekunde, litakula saa 25, na bando lako litaishia njiani. Kunakili GB hizohizo kwa USB 3.0 kutoka diski ya kawaida inayosoma MB 100 kwa sekunde ni kama robo saa.

Kama Windows ni ileile na umeongeza diski tu, Steam itakufanyia kazi yote: fungua Settings, ingia Storage, ongeza diski mpya, chagua magemu, bonyeza Move. Usiyakate na kuyabandika mwenyewe, kwa sababu Steam itaendelea kuyatafuta kulekule ilikoyaacha.

Kama umeweka Windows upya kama mimi, nakili folda ya gemu ndani ya folda ya Steam iitwayo steamapps, kwenye folda ya common, kisha bonyeza Install ukichagua diski hiyo. Steam itakagua faili zilizopo na kupakua zinazopungua tu. Kwa Epic, duka jingine la magemu, kuna mzunguko kidogo: anza kulisakinisha kwenye diski mpya, lisimamishe likifika asilimia chache, funga programu, bandika faili zako juu ya zile, kisha endelea. Litakagua, halitaanza sifuri.

Angalia luku kabla hujaanza, na laptopu iwe na chaji. Umeme ukikatika wakati unanakili, gemu la zamani bado lipo zima, unaanza tena.

Na diski ya zamani iache kwanza. Cheza kutoka diski mpya siku kadhaa, fungua sevu zako moja moja, hakikisha kila kitu kipo ndipo uifomati.

Mdogo wangu ameanza upya na timu ileile. Kila Jumapili nanakili sevu zake kwenye flashi, na flashi anaitunza mama.