Jibu: Mwanamke wa kwanza kuongoza filamu India

Ndugu yangu, umeuliza ni mwanamke gani aliyetangulia kuongoza filamu India. Ni Fatma Begum. Alianza kuigiza mwaka 1922, enzi za filamu bubu, wakati wanaume bado walivalishwa sari kucheza sehemu za kike. Mwaka 1926 akaanzisha kampuni yake, Fatma Films, na mwaka huohuo akaongoza Bulbul-e-Paristan, hadithi ya maajabu iliyotegemea sana mbinu za kamera. Hebu fikiria ujasiri huo! Inaniuma mno kwamba filamu yenyewe imepotea. Mabinti zake watatu, Zubeida, Sultana na Shehzadi, wote waliigiza. Zubeida ndiye nyota wa Alam Ara ya 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti.